Vikombe Mia Tatu vya Udongo

Siku wageni wa mradi walipoingia uani, Mama Udongo alikuwa amezamisha mikono kwenye tope hadi viwikoni, akashindwa hata kuwapa mkono. Aliwanyooshea kiwiko. Yule binti wa shirika akakishika kiwiko, akacheka, na kwa kicheko hicho Mama Udongo akampenda papo hapo. Mwenzake, bwana mazingira wa serikali, alibaki amesimama juu ya jiwe kavu akivilinda viatu vyake.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani, hakuwaona. Alikuwa amekaa mbele ya kipande chake cha reli akikunja juu yake bati la pipa kuukuu. Miaka thelathini ya kugonga bati ilikuwa imemla sikio la kushoto, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Mkewe akaokota kokoto akamrushia gotini. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake.

"Wageni," akamwambia kwa sauti ya kuitia mbuzi.

Binti wa shirika akachuchumaa ili aonane naye uso kwa uso. "Shikamoo, mzee. Serikali na wafadhili wetu wameungana. Tunataka kila nyumba ya mtaa huu ipate jiko linalokula mkaa kidogo, majiko mia tatu kwa kuanzia. Msitu usiishe, na kazi ipatikane humu humu. Uchumi unaodumu, mzee, sio wa leo kuna kesho hakuna."

"Anasema nini?" Fundi akamuuliza mkewe.

"Anasema wanataka majiko."

"Mangapi?"

"Mia tatu. Kwa kuanzia."

Fundi akaweka nyundo chini. Mwezi ukiwa mzuri walikuwa wakiuza majiko ishirini. Yeye alikunja bati, mke alifinyanga kikombe, yaani ule udongo wa ndani unaoshika moto, na mwisho wa mwezi kilichobaki kilitosha kodi na chakula na pengine kitambaa cha kichwa.

"Mafundi wa hapa hapa watapewa kipaumbele," binti akaongeza.

"Kipaumbele ndiyo pesa ya kutangulia?" Fundi akauliza.

"Ni kutangulizwa wewe mwenyewe," mkewe akasema.

"Basi sawa. Uzee unanitanguliza mbele za Mungu, acha nitangulie na kwenye jambo la maana." Akacheka peke yake, na binti akacheka naye.

Waliuliza mengi. Binti alitaka kujua siri ya kikombe kisichopasuka, na Mama Udongo hakumficha neno. Mafungu matatu ya udongo wa mtoni, fungu moja la majivu, kisha unaulaza udongo siku saba chini ya gunia bichi kabla hujaugusa.

"Saba lazima?" binti akauliza huku anaandika. "Mbili hazitoshi?"

"Mwanangu, udongo ambao haukulala unakasirika motoni. Utakuvumilia miezi mitatu, minne, halafu utakuachia nyufa."

Bwana mazingira akauliza kama mzee ana kumbukumbu yoyote ya wateja. Hapo Fundi akainuka, akajipigapiga magotini kukung'uta vumbi, akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada la kitambaa. Hilo ndilo lilikuwa fahari yake. Jiko la Fundi halikutoka uani kabla halijapika. Kila jiko jipya lilipika chakula cha nyumba hiyo siku moja, ndipo liuzwe, na likishauzwa jina la mnunuzi na nyumba yake viliingia daftarini, ili mwaka ukitimia Fundi apite kulikagua bila malipo. Angefika, agonge kikombe kwa kifundo cha kidole, atege sikio zima. Kikombe kizima kinaitika, alisema, na chenye ufa kinanyamaza. Siku hizi alikuwa akimpeleka mkewe amsikilizie.

"Hii ni hazina," bwana mazingira akasema, akifungua kurasa. "Tunaweza kuazima?"

Mama Udongo alitaka kusema ngoja. Hakujua angoje nini. Mumewe alikuwa tayari ameshalisukuma daftari mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto ambebe. Kesho yake alivaa shati lake la harusi za watu, akawazungusha nyumba kwa nyumba. "Huyu ni mteja wangu," alikuwa akisema kila mlango. "Na huyu ni mteja wangu."

Walipoaga, bwana mazingira akakumbuka jambo. "Halafu, mama, mwezi ujao tunaweka uzio kingo za mto. Hakuna kuchimba tena. Ni mazingira hayo hayo tunayoyalinda."

"Na udongo wa mia tatu?"

"Chimbeni mapema," akasema, na kwa upande wake ulikuwa ushauri wa wema.

 

Walichimba mapema. Siku kumi na moja walibeba udongo, yeye kichwani, mumewe kwa toroli la kuazima lenye gurudumu bovu. Waliulaza siku zake saba. Kisha Mama Udongo akafinyanga tangu alfajiri mpaka jua linazama, kwa kipimo kile kile cha mkono wa mumewe, kwa sababu reli, bati na kikombe vilikuwa vimezoeana miaka yote hiyo. Alivichoma kwa unga wa mbao, hamsini hamsini. Oda ikija, wasikutwe wanatafuta pa kuanzia.

Vikombe mia tatu havina adabu ndani ya chumba kimoja. Vilijaa uvunguni, vikapanda ukutani hadi dirishani, vikakaa juu ya sanduku la nguo. Njia ya kwenda kitandani ikawa ya kupita ubavu ubavu.

"Mke wangu," Fundi alisema akivuka, "siku nikifa msiwe na haraka ya kuzika. Mtakuwa hamjui nimo kwenye kikombe kipi."

"Wewe huwezi kuenea. Tumbo hilo."

Wiki sita zikapita bila neno. Ikabidi wafunge safari kwenda ofisini, mke akiwa masikio. Pale ofisini, juu ya rafu nyuma ya bwana mazingira, Mama Udongo aliona jiko lao. Ni lile walilowapa wageni siku ile kama mfano. Lilikuwa limebandikwa karatasi yenye namba.

"Mzee, mambo yalibadilika kidogo," bwana mazingira akasema. "Wafadhili wanataka majiko yanayofanana, yote, hata kwa unene wa bati. Yapimwe kwenye maabara. Na serikali haiwezi kumlipa mtu asiye na cheti cha kodi na akaunti ya benki. Zabuni ilitangazwa gazetini."

"Gazeti gani?" Mama Udongo akauliza.

Akalitaja. Walikuwa hawajawahi kuliona hata likiwa limefungia vitumbua.

"Tunaweza kuvitafuta hivyo vyeti," Mama Udongo akasema. "Vikombe tunavyo tayari. Mia tatu. Ulituambia tuchimbe mapema."

Bwana mazingira aliuma midomo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Udongo zaidi baadaye, kwamba hakumpata wa kumchukia. "Mama, sikilizeni. Kilichotakiwa ni kampuni. Mzee ni mtu."

"Anasema nini?" Fundi akauliza.

Mkewe alimtazama yule mume wake aliyekaa ukingoni mwa kiti cha ofisi akiogopa kukichafua. "Anasema tusubiri," akamwambia.

 

Lori lilikuja siku ya Jumamosi, na kipaza sauti kikafungwa kwenye nguzo karibu na kisima. Majiko yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani, yana nembo ya wafadhili upande mmoja na ya serikali upande wa pili. Ya bure. Watu walikaa kwenye mistari ya viti vya plastiki, na kijana mmoja akaanza kuita majina.

Alipoita jina la nne Mama Udongo alijua. Alipoita la kumi alikuwa akiyatamka kimoyomoyo kabla ya kipaza sauti. Aliyafahamu kwa mpangilio wake, mwaka kwa mwaka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mumewe. Lilikuwa daftari. Walikuwa wakilisoma daftari ukurasa baada ya ukurasa, na kila aliyeitwa alikuwa na jiko la Fundi nyumbani.

Na jina la kwanza kabisa, lililorukwa kwa sababu mwenyewe alichelewa kufika, likaitwa tena. Lilikuwa lake. Jiko la kwanza alilolitengeneza Fundi alimpa yeye alipokuwa mchumba wake, akaliandika daftarini.

Alikwenda mbele akaweka dole gumba kwenye wino. Jiko walilompa alilipindua kama mtu anayetazama meno ya punda. Kipimo ni kile kile. Hata kile kimlango cha majivu kilikuwa na mteremko wake mdogo, ambao Fundi aliubuni mwaka ule walipougua wote wawili na hakuna aliyeweza kuinama kuchokora majivu. Aliingiza kidole, akagusa kikombe. Kilikuwa laini na chepesi. Udongo haukulala, akawaza. Wameupa siku mbili.

Rafiki yake muuza chai alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ameangalia chini.

"Shoga, usinitazame hivyo."

"Nimekutazamaje?"

"Ni cha bure. Ningekataa, ungenishangaa wewe wa kwanza."

"Ningekushangaa kweli," Mama Udongo akasema, na hapo hakusema uongo.

Mpiga picha alimtaka Fundi. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba huyu mzee ndiye fundi wa majiko wa mtaa huu, na kichwa chake cheupe kilikaa vizuri kwenye mwanga. Wakampa jiko la kijani alishike kifuani. Wakamvisha fulana ya mradi juu ya shati lake la harusi.

"Wanasemaje?" Fundi akauliza.

"Wanasema utabasamu."

"Kwa nini?"

Watu wote walikuwa wakitazama. Jua lilikuwa kali, mpiga picha anangoja, na Mama Udongo alitaka kitu kimoja tu, waondoke pale. "Tabasamu tu, mume wangu. Twende nyumbani."

Basi akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, huyo mzee.

 

Wiki tatu baadaye tabasamu hilo lilikuwa kwenye bango njia panda, kubwa kuliko mlango wa kanisa. Chini yake maandishi yalisema mafundi wetu wamewezeshwa.

Bango hilo ndilo lililowamaliza. Hata jiko moja lisingeuzwa tena mtaa mzima, hilo walishalijua, lakini walitumaini kazi za kubahatisha, ndoo za kuziba, mabati ya paa. Muuza vyuma chakavu, aliyekuwa akimpa Fundi mapipa na kulipwa akishauza, sasa alimpokea kwa vigelegele vya kejeli.

"Tajiri kaja. Mzee wa bango. Leo unanunua lori zima au nusu?"

"Nipe pipa moja, nitakulipa Ijumaa."

"Mkopo? Wewe? Mzee, ukishiba usisahau kunawa, lakini kutudanganya tulio na njaa, hapana."

Mpwa wa Fundi alisafiri siku nzima kuja kuomba karo, akaondoka amenuna, hakuaga. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane asiye na maneno mengi, alikuja mwenyewe kudai kodi ya miezi miwili, akatazama chumba, akatazama vikombe, akawatazama wao. Alikuwa amekuja amejiandaa kugombana. Akakaa kitako juu ya ndoo akasema, "Kumbe hamjala chochote."

"Hatujala, mama," Fundi akajibu. Hilo alilisikia.

Mwezi huo aliuza kipande cha reli. Muuza vyuma chakavu alikipima kwa kilo, kama chuma kingine chochote. Kisha mtu akamfanyia mpango Fundi akapata kazi ya kulinda lango la ghala, mchana. Lilikuwa ghala la majiko ya kijani. Walimpa kofia na filimbi, filimbi ambayo mwenyewe aliisikia kwa mbali sana. Jioni akirudi alikaa kitandani, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukigonga paja, mbili nzito na moja nyepesi, mbili nzito na moja nyepesi. Mama Udongo aliuwekea mkono wake juu. Ulitulia. Akiuondoa, ulianza tena.

Mvua zikashuka. Pale langoni pa ua maji yalituama mpaka wapangaji wakawa wanarukia matofali, na mwenye nyumba akaja tena.

"Mama Udongo, nakuuliza, usikasirike. Hivyo vikombe vina kazi gani?"

"Havina."

"Ningenunua kifusi cha kumwaga hapa langoni. Sasa nikanunue kifusi na wewe umelala nacho? Vivunje unimwagie. Kodi ya ile miezi miwili nitaifuta."

Siku hiyo Mama Udongo alikwenda mtoni, akasimama kwenye uzio. Nyuma ya waya majani yalikuwa yameota vizuri, hata ndege wamerudi, asingeweza kusema ni vibaya. Udongo wa kule juu aliujua, ni mchanga mtupu, haushiki. Alirudi. Asubuhi mumewe alipokwisha kwenda lindoni, alichukua nyundo, kitu pekee kilichokuwa hakijauzwa, akaanza na vile vya dirishani.

Vilikuwa vizima. Hilo ndilo alilojitahidi asilisikie. Kila kimoja alipokigonga kiliitika kwanza, kwa sauti safi, ndipo kikavunjika. Alivunja mpaka mchana. Alibakisha kimoja kwa sababu kilikuwa kikizuia mlango usipigwe na upepo na mikono ilikuwa imejaa.

Jioni Fundi alifika langoni akakuta njia mpya, nyekundu, kavu, imesambazwa vizuri hadi mlangoni. Alisimama na kofia yake ya ulinzi. Kisha akavua viatu, akaviweka kwapani, akapita pembeni kwenye maji hadi kifundo cha mguu, mpaka akafika ndani. Na kila siku tangu hapo alipita kwenye maji.

 

Mwezi wa tano tangu lori lile, muuza chai alikuja na jiko la kijani kichwani. Alilitua mbele ya Mama Udongo bila salamu. Ndani kikombe kilikuwa kimepasuka vipande vinne, moto umekula bati mpaka nje kunaonekana.

"Cha bure kimeishia hapo," akasema. "Nimerudi kwenye mafiga, shoga. Kuni za siku moja sasa zinakwisha kabla ya saa nne. Lile jiko lenu la zamani nililiuza kama chuma chakavu, unisamehe. Nitengenezee hili. Nitalipa sawasawa."

Kabla hajajibiwa alifika mke wa dereva na la kwake. Kisha fundi viatu. Kisha wale mabinti wawili wa saluni, wamelibeba jiko moja kila mtu na mkono wake. Ilikuwa kama siku ya lori, ila safari hii walikuwa wakija upande wake, na walikuwa wakija wakikanyaga njia nyekundu.

Nyuma yao akaingia binti wa shirika na fomu zake. Alikuwa amekonda. Alikuwa ametumwa kutathmini, akasema, majiko mengi yana shida, na alitaka Mama Udongo amwambie ukweli.

"Niliandika siku saba," akasema kabla hajaulizwa. "Naapa niliandika. Kiwandani walisema hawana muda wa siku saba, mwaka wa fedha ulikuwa unafungwa."

"Najua uliandika, mwanangu. Nilikuona."

Mama Udongo akakitoa kile kikombe cha mlangoni, akakifuta kwa upindo wa kanga, akang'oa vipande kutoka jiko la muuza chai, akakishusha ndani. Hakukichonga wala kukisukuma. Kilishuka chenyewe kikakaa, mdomo wa udongo sawa na mdomo wa bati. Watu waliokuwa wakinong'ona wakasogea karibu.

Binti wa shirika alikitazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukachangamka, akaanza kupekua fomu. "Mama, hili linawezekana. Mradi una fungu dogo la ukarabati, naweza kuliombea leo leo, nanyi mkalipwa kwa kila kikombe. Nimesikia mlifinyanga mia tatu. Viko wapi?"

Mama Udongo alikuwa akimpenda bado. Alitamani kungekuwa na jibu jingine.

"Umevikanyaga ukiingia."

Binti akageuka akatazama langoni. Akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vyekundu pembeni. Aliinama kama anayetaka kuvivua, hapo hapo mbele za watu, halafu akakaa tu chini na fomu zake mapajani.

Fundi alirudi wakati huo, miguu inachuruzika maji, viatu kwapani. Aliona watu, akaona majiko ya kijani yamejipanga, akaona lile moja lenye kikombe chekundu. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti, akakigonga kikombe kwa kifundo cha kidole, akainamisha lile sikio lake la kulia mpaka likagusa udongo. Akagonga tena.

Akainua macho kwa mkewe. "Kinaitika?"

"Kinaitika," Mama Udongo akasema, kisha akasema tena kwa nguvu ili amsikie. "Kinaitika, mume wangu."

Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kilichobaki ilikuwa kukunja mdomo wa bati ushike kikombe, kazi ya dakika tano. Akalivuta jiko karibu yake, na mkono wake wa kulia ukaenda pembeni bila yeye kutazama, pale reli ilipokaa miaka thelathini, ukapapasa, ukapapasa tena, ukabaki hapo juu ya ardhi tupu.